Malkia Elisabeth, Somo wa Mji wa Shaba

Mtoto azaliwapo kijijini, wazee humtafutia somo. Huyo somo huwa babu aliyesifika kwa uwindaji, au bibi aliyelea watoto wengi, nao wanapomtia mtoto jina lake hutumaini kwamba sifa ya mkubwa itamfuata mdogo. Mkatekumeni naye, akaribiapo ubatizo, huchagua jina la mtakatifu awe somo wake. Hata mji huweza kupewa somo. Mji mkubwa wa Katanga, ule uitwao leo Lubumbashi, ulipewa wa kwake katika mwaka wa kuanzishwa. Tangu 1910 hata 1966 uliitwa Elisabethville, maana yake mji wa Elisabeth. Watu maelfu walilitamka jina hilo kila siku, wakalisoma stesheni na juu ya bahasha za barua, nao wengi wao hawakujua mwenye jina alikuwa nani. Habari za maisha yake ni hizi.

Elisabeth alizaliwa tarehe 25 Julai 1876 huko Possenhofen, kando ya ziwa, katika nchi ya Bavaria iliyo kusini ya Ujerumani. Baba yake, Karl Theodor, alikuwa mtu wa ukoo wa watawala, lakini alifanya jambo ambalo wakuu wa siku zile hawakulizoea: alisoma udaktari, akawa daktari wa macho. Aliwatoa mtoto wa jicho vipofu wengi sana, na maskini aliwatibu bila malipo. Mwaka 1895 alifungua hospitali ya macho katika mji wa Munich. Binti yake Elisabeth, angali msichana, alimsaidia kazi humo. Basi huyo mtoto wa jumba kubwa alijua mapema harufu ya dawa na kilio cha mgonjwa, na ujuzi huo ulikuja kumfaa baadaye kuliko mambo yote aliyofundishwa na walimu wa nyumbani.

Jina lake alilirithi. Shangazi yake, dada wa baba, aliitwa Elisabeth, naye alikuwa ameolewa na Kaizari Franz Joseph wa Austria. Uzuri wa shangazi huyo ulisifiwa katika Ulaya nzima, na mtoto akaitwa kwa heshima yake. Sifa haikumkinga: mwaka 1898 alichomwa kwa tupa iliyonolewa, alipokuwa akitembea katika mji wa Geneva, akafa. Zamani zaidi kabla ya shangazi alikuwako Elisabeth mwingine, mtakatifu, binti wa mfalme wa Hungaria, aliyejenga hospitali katika mji wa Marburg, akawaosha na kuwalisha wagonjwa kwa mikono yake mwenyewe, hata akafariki mwaka 1231 akiwa na umri wa miaka 24. Na kabla ya wote yuko Elisabeth mke wa Zakaria, mama wa Yohane Mbatizaji, ambaye wakatekumeni wanamjua katika Injili. Hivyo jina moja lilitoka katika nyumba ya kuhani wa Uyahudi, likapita katika nyumba za wafalme, hata likafika kando ya mto mdogo wa Katanga. Ni safari ndefu kwa jina.

Tarehe 2 Oktoba 1900 Elisabeth aliolewa na Albert, mtu wa ukoo wa kifalme wa Ubelgiji. Walijaliwa watoto watatu: Leopold, Charles na Marie-José. Wakati ule Kongo ilikuwa mali ya Mfalme Leopold wa Pili, ami yake Albert, na sifa yake ilikuwa imeharibika kwa sababu ya ukatili uliotendwa katika kudai mpira wa msituni. Mwaka 1908 serikali ya Ubelgiji ilimwondolea mfalme nchi hiyo, ikaifanya koloni yake. Mwaka uliofuata, 1909, Albert alisafiri mwenyewe kuiona Kongo, akapita Katanga kabla reli haijafika. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo mfalme mzee alifariki, Albert akatawazwa, na Elisabeth akawa malkia akiwa na miaka 33.

Sasa tutazame Katanga. Watu wa nchi hiyo walikuwa wakiyeyusha shaba karne nyingi kabla ya Mzungu kufika, wakaisubu kwa umbo la misalaba midogo iliyotumika kama fedha mpaka nchi za mbali. Mwaka 1906 kampuni ya Union Minière ilianzishwa ili kuchimba shaba hiyo kwa mashine. Mgodi wake wa kwanza ulikuwa Kalukuluku, nao Wazungu waliuita Étoile, yaani Nyota. Tanuru la kuyeyushia likajengwa kando ya mto uitwao Lubumbashi. Palihitajiwa mji kwa ajili ya wafanyakazi, maduka na ofisi, na Emile Wangermée, mkuu wa Kibelgiji aliyetawala Katanga, akachagua mahali na kupima barabara. Gari moshi la kwanza liliingia mwezi wa Septemba 1910.

Gari moshi hilo halikutoka Ubelgiji, wala halikutoka bandari ya Kongo. Lilitoka kusini, nchi za Waingereza, na pamoja nalo walikuja Waingereza wengi: mafundi, wachuuzi, watafuta madini. Katika miaka ile ya kwanza Kiingereza kilisikika njiani kama Kifaransa. Wabelgiji waliogopa kwamba Katanga ingewaponyoka. Kwa hiyo jina la malkia wao lilisimikwa pale kama mlingoti wa bendera, ili kila ashukaye kwenye gari moshi ajue yuko katika nchi ya nani. Tena jina lilileta heshima ambayo mahali penyewe palikuwa hapajawa nayo. Mji ulikuwa mahema na vibanda vya mabati, vumbi jingi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Lakini mtu aliyesoma jina lake katika gazeti la Ulaya aliona mawazoni mwake taji na jumba la mfalme, akadhani mji umekwisha kujengwa. Wafanya biashara walijua faida ya jambo hilo.

Hivyo ndivyo ilivyofanyika mahali pengi katika Kongo. Léopoldville, Stanleyville na Albertville zilipata majina kwa njia hiyohiyo. Baudouinville, huko Moba karibu na Ziwa Tanganyika, iliitwa kwa jina la kaka yake Albert, aliyefariki kijana mwaka 1891. Kamalondo, mtaa wa watu weusi wa mji wa shaba, uliitwa Albert. Hivyo mfalme na malkia waliwekwa jirani, lakini watu wa mtaa mmoja hawakuruhusiwa kukaa katika ule mwingine. Barua ya ruhusa ilitakiwa hata kwa kutembea usiku.

Naye Elisabeth mwenyewe? Katika mwaka 1910 hakuwa amefanya jambo lolote ambalo dunia ililijua. Alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, mpenda fidla, aliyetoka nchi ya kigeni. Jina lake lilikuwa na heshima ya taji tu. Uzito wake mwenyewe ulikuja miaka minne baadaye, na ulikuja kwa njia ya msiba.

Tarehe 4 Agosti 1914 majeshi ya Ujerumani yaliingia Ubelgiji. Malkia alikuwa Mjerumani kwa kuzaliwa. Jamaa zake wote walikuwa upande wa pili. Rupprecht wa Bavaria, aliyekuwa amemwoa mdogo wake Elisabeth, mke huyo akafariki mwaka 1912, ndiye aliyeongoza jeshi moja la Wajerumani lililopigana na Wabelgiji na wenzao huko Flandria. Mtu afikiri jambo hilo vizuri: shemeji yuko ng'ambo ya mto na mizinga, na mume yuko ng'ambo hii pamoja na askari wachache waliosalia. Ndugu akitupa mkuki, nawe umeolewa katika ukoo unaolengwa, utasimama wapi? Elisabeth alisimama na nchi aliyoolewa. Alikata uhusiano na jamaa zake mpaka vita vilipokwisha. Serikali ya Ubelgiji ilikimbilia Ufaransa, lakini mfalme na malkia walibaki katika kipande kidogo cha nchi ambacho adui hakukitwaa, katika kijiji cha De Panne kando ya bahari. Watoto walipelekwa Uingereza. Malkia hakwenda nao.

Huko De Panne Daktari Antoine Depage aligeuza hoteli moja kuwa hospitali ya vita. Iliitwa L'Océan, yaani Bahari. Majeruhi waliletwa usiku na mchana kutoka mahandaki ya mto Yser, wengine hawana miguu, wengine wamechomwa na moshi wa sumu. Malkia alifika huko mara kwa mara, akakaa karibu na vitanda vyao, akawafunga vidonda; binti wa daktari alijua namna ya kushika kitambaa cha dawa. Wako watu waliosema baadaye kwamba sifa hizo zilitiwa chumvi na magazeti, kwa maana wakati wa vita kila nchi hutafuta mtu wa kusifiwa. Yawezekana magazeti yalizidisha. Lakini hospitali ilikuwako, majeruhi walikuwako, na malkia aliishi miaka minne mahali paliposikika mizinga. Alianzisha pia shule huko Vinkem kwa watoto ambao nyumba zao zilikuwa karibu na vita, akakusanya askari waliojua muziki wawapigie wenzao.

Baada ya mwaka 1918 jina la Elisabeth halikuwa tena jina la mke wa mfalme tu. Lilikuwa jina ambalo watu walilitamka wakiwa na shukrani. Ndipo vyama na kazi nyingi vikaanza kuliomba. Mwaka 1923 alikwenda Misri kuona kaburi la mfalme wa kale Tutankhamun lilipofunguliwa, na aliporudi, mtaalamu Jean Capart akaanzisha huko Brussels chama cha kuchunguza mambo ya Misri chenye jina la malkia. Mwaka 1926 ukaja mfuko wa kusaidia uchunguzi wa tiba, nao ukaitwa kwa jina lake. Faida ya jina katika mambo hayo ilikuwa wazi. Mtaalamu akibisha hodi peke yake mlangoni kwa tajiri, huweza kuambiwa arudi kesho. Akija na barua yenye jina la malkia, huketishwa kitini.

Mwaka 1928 mfalme na malkia walikuja Kongo pamoja. Walifungua reli mpya iliyounganisha Katanga na mto Kasai, wakafika pia Elisabethville. Hivyo baada ya miaka 18 mwenye jina aliuona mji wake. Haukuwa tena mahema. Palikuwa na barabara zilizonyoka, kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, maduka ya mawe, na bomba refu la tanuru likitoa moshi. Hapana shaka alipokewa kwa shangwe kubwa, kama wakubwa wapokewavyo, na yale ambayo wenyeji hawakupenda yaonekane hayakuwekwa njiani pake.

Hata hivyo safari hiyo ilizaa tunda. Mwaka 1930 ulianzishwa mfuko mkubwa wa matibabu ya watu weusi wa Kongo, nao ukapewa jina la Malkia Elisabeth. Madaktari na wauguzi wake walitembea kijiji kwa kijiji, wakipima kila mtu, wakipigana hasa na ugonjwa wa malale. Walianza Kongo ya Chini, kisha wakaenda Kwango. Jambo la kushangaza kidogo ni kwamba mji wenye jina la malkia ulikuwa Katanga, na dawa zenye jina la malkia zilikuwa upande mwingine wa nchi. Mama wa Kwango aliyeponyeshwa mtoto wake hakujali hayo.

Msiba ukarudi mwaka 1934: Mfalme Albert, aliyependa kupanda majabali, alianguka huko Marche-les-Dames, akafa. Elisabeth alijifungia muda, kisha akarudi katika muziki. Mwalimu wake wa fidla alikuwa Eugène Ysaÿe, fundi mkubwa wa Kibelgiji aliyefariki mwaka 1931. Kwa kumkumbuka, mwaka 1937 malkia alisimamia mashindano ya wapiga fidla vijana wa nchi zote, nayo yakaitwa kwa jina la Ysaÿe. Mshindi wa kwanza alikuwa David Oistrakh, aliyetoka Urusi, naye akaja kuwa maarufu ulimwenguni. Vita vilipokwisha mashindano yalianzishwa upya, mwaka 1951, lakini sasa kwa jina la Malkia Elisabeth. Mtu anaweza kuuliza kama ilikuwa haki jina la malkia lifunike jina la mwalimu. Bila shaka waandalizi walijua kwamba taji hukusanya fedha kuliko fidla. Walakini malkia hakuwa mgeni katika kazi hiyo: alipiga fidla mwenyewe tangu ujana hata uzee.

Kwa njia ya fidla hiyo alifanya urafiki na Albert Einstein, mtaalamu mkubwa wa elimu ya maumbile, aliyekuja kupiga muziki pamoja naye katika jumba la Laeken. Hapo Katanga inaingia tena. Karibu na Likasi uko mgodi wa Shinkolobwe, uliokuwa mali ya Union Minière, wenye madini ya urani. Mwaka 1939 wataalamu wenzake Einstein walitambua kwamba urani ingeweza kutengenezwa bomu la kutisha, wakaogopa Wajerumani wasije wakaipata ya Kongo. Wazo lao la kwanza lilikuwa kwamba Einstein amwandikie rafiki yake, Malkia Elisabeth. Baadaye barua maarufu iliandikwa kwa Rais Roosevelt wa Marekani. Sehemu kubwa ya urani ya mabomu yaliyoangukia Japani mwaka 1945 ilitoka Shinkolobwe.

Mwezi wa Mei 1940 Wajerumani waliitwaa Ubelgiji mara ya pili. Elisabeth, mjane wa miaka 63, alibaki Laeken chini ya ulinzi wa adui. Wayahudi walipoanza kukamatwa mwaka 1942, baadhi yao walimwendea, naye akatumia jina lake na asili yake ya Kijerumani kuwaombea mbele ya wakubwa wa jeshi. Si wote waliosalimika, wala si wengi; lakini wako waliosalimika kwa sababu hiyo, na mwaka 1965 taifa la Israeli lilimhesabu miongoni mwa wenye haki waliookoa Wayahudi.

Katika miaka hiyohiyo, katika mji uliobeba jina lake, jambo la huzuni lilitendeka. Vita vilipandisha bei ya vitu, mishahara ya wafanyakazi weusi wa Union Minière haikutosha chakula, nao wakagoma. Tarehe 9 Desemba 1941 walikusanyika katika uwanja wa mpira. Askari wakaamriwa kupiga risasi, na makumi ya watu wakafa. Malkia alikuwa amefungiwa Ulaya, hakuwa na neno katika jambo hilo. Lakini magazeti na barua zilizotaja mauaji hayo zilibidi kuandika jina lake, kwa maana ndilo lililokuwa jina la mahali. Mtu akiazima vazi lake, hawezi kumchagulia aliyeazima njia za kupita.

Jambo hilo lilionekana tena uzeeni mwake. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960, na siku 11 baadaye Moïse Tshombe akaitenga Katanga, Elisabethville ikiwa makao yake makuu. Mwezi wa Januari 1961 Patrice Lumumba aliletwa huko akauawa, na baadaye askari wa Umoja wa Mataifa walipigana katika barabara za mji. Miaka miwili na nusu jina la Elisabeth lilisikika katika redio za dunia yote pamoja na habari za risasi na wakimbizi. Mwenye jina alikuwa bibi kizee, akiendelea na fidla yake na safari zake. Alikwenda Poland, Urusi na China, nchi za wakomunisti, na wengi nyumbani wakamnung'unikia. Hakuwasikiliza.

Alifariki Brussels tarehe 23 Novemba 1965, akiwa na miaka 89, akazikwa Laeken karibu na mumewe. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Jenerali Mobutu alitwaa utawala wa Kongo. Mwaka uliofuata serikali yake iliondoa majina ya Kizungu katika miji, na Elisabethville ikawa Lubumbashi. Mto ulikuwa umelitunza jina lake wakati wote. Mwaka 1972 agizo likaendelea mpaka kwa watu wenyewe: majina ya Kikristo yakakatazwa, na wanawake walioitwa Elisabeth wakalazimika kuandikisha majina ya mababu. Wengi walibaki na jina la ubatizo mioyoni na nyumbani, hata marufuku ikalegea na utawala ule.

Mjini Lubumbashi bomba la tanuru na mlima mweusi wa mabaki ya shaba vingali vyaonekana kutoka mbali. Huko Brussels vijana wa nchi nyingi huja bado kushindana mbele ya waamuzi kwa jina la malkia. Na huko Munich, ile hospitali ya macho alikomsaidia baba yake akiwa msichana ingali wazi. Inaitwa kwa jina la Karl Theodor, na wagonjwa wa macho wanatibiwa humo.